Mashine ya kutobolea yenye kasi 12: niliinunua kwa ajili ya namba yake ndogo kabisa

Mwaka mmoja na nusu sasa natobolea kwa mashine hii ya kusimama sakafuni: mota ya wati 550, puli tatu (magurudumu ya ngazi yanayobeba mikanda), mikanda miwili, kasi 12. Chapa yake siitaji, kwa kuwa mashine za umbo hili zinauzwa kwa rangi na majina mengi, na ukifunua kifuniko cha juu unakuta mpangilio uleule wa puli. Nitakayoyasema yanamhusu mtu anayetoboa matundu makubwa kwenye mbao ngumu, kuanzia milimita 25 kwenda juu. Mwenye kazi ya matundu ya skrubu tu atatosheka na mashine ndogo ya mezani.

Hiyo ndogo ya mezani ndiyo niliyokuwa nayo kabla. Ilikuwa na kasi tano, ikanitumikia miaka mingi, na kwa kazi iliyoundiwa sina la kuilaumu. Ila kasi yake ya chini kabisa ilikuwa mizunguko 530 kwa dakika, na hapo ndipo tulipofika mwisho mimi na yeye. Nilipata kazi ya mabenchi manne ya mkongo, ule ambao wengine huuita mbambakofi. Kila benchi miguu minne, kila mguu unaingia kwenye kikalio kwa ulimi wa mviringo wa milimita 50. Matundu 16. Nikafunga biti ya Forstner ya milimita 50, ile pana yenye ukingo wa duara na visu viwili ndani yake, mpya kabisa, nikashusha mkanda hadi hatua ya mwisho, nikaanza.

Tundu la kwanza halijafika kina cha sentimita mbili, harufu ya mbao inayokatwa ikaondoka, ikaja ya mbao inayoungua. Moshi mwembamba ukapanda kando ya biti. Kijana ninayemfundisha kazi akaniambia, "Fundi, inaungua." Nikainua mpini, nikasubiri ipoe, nikaendelea, kwa kuamini kwamba mbao ngumu ndivyo ilivyo. Kwenye tundu la tatu biti ilikuwa haikati tena, inasugua tu. Nilipoitoa na kuifuta nikaona ukingo wake umegeuka buluu.

Rangi hiyo fundi asiipuuze. Chuma cha kaboni kikipata moto wa nyuzi 220 hivi za Selsiasi huvaa rangi ya majani makavu. Kikikaribia 300 huwa buluu. Kwa biti ya chuma cha kaboni, na biti nyingi za seti za bei ya chini ni za chuma hicho, buluu maana yake ugumu wa makali umeondoka. Unaweza kuinoa ikang'aa, lakini makali hayatakaa mpaka uwe umelimaliza lile eneo lililoungua, na kwenye ukingo mwembamba wa Forstner hapabaki cha kumaliza. Biti zenye alama ya HSS, yaani chuma kilichoundiwa kukata kwa kasi kubwa, huvumilia joto kubwa zaidi, hadi nyuzi 600 hivi. Hata hivyo mbao yenyewe haivumilii. Kuta za yale matundu matatu zilikuwa nyeusi na laini kama kioo, na gundi haishiki vizuri kwenye ukuta wa namna hiyo. Nilizikwangua kwa patasi na msasa karibu siku nzima, na bado sikuridhika nazo.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema.

Kinachokata ni ukingo wa biti. Katika mzunguko mmoja, ukingo wa biti ya milimita 10 husafiri milimita 31. Ule wa biti ya milimita 50 husafiri milimita 157. Kwa hiyo kwa mizunguko 530, ukingo wa biti yangu ulikuwa ukisugua mbao kwa mita 83 kila dakika. Ili biti ya milimita 10 ifikie mwendo huo, ingebidi uizungushe mara 2,650 kwa dakika. Mimi nilikuwa nikitazama mashine inazunguka taratibu kwa macho, nikadhani niko salama, kumbe pale ukingoni mambo yanakwenda mbio. Macho huona mzunguko, mbao inahisi mwendo wa ukingo.

Jambo la pili ni mkono unaoshusha mpini, na hili naliona likisahauliwa hata na mafundi wazoefu. Chukua biti yenye visu viwili vya ndani, kama zilivyo Forstner nyingi, na mkono unaoshuka milimita moja kwa sekunde, yaani milimita 60 kwa dakika. Kwa mizunguko 2,400, kila kisu kinapata kunyanyua mbao yenye unene wa milimita 0.0125, sehemu ya nane hivi ya karatasi ya kuandikia. Kisu cha biti hakiwezi kukata vizuri kitu chembamba hivyo kwenye mbao ngumu. Kitapanda juu yake na kuisugua, na msuguano ndio moto. Kwa mizunguko 360, mkono uleule unakipa kila kisu karibu unene wa karatasi nzima. Hapo kisu kinauma, kinanyanyua, na joto linaondoka pamoja na maranda.

Ndiyo maana natazama kinachotoka tunduni kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Yakitoka maranda, yale mapana yanayojikunja, kasi na mkono vinapatana. Ukitoka unga, ama biti imechoka, ama unazungusha haraka mno, ama unaogopa kuusukuma mpini. Kuogopa kusukuma kunaunguza biti nyingi sana. Mtu akiona moshi hupunguza nguvu ya mkono, na kwa kufanya hivyo anaongeza moto.

Kutokana na hesabu hizo nilijiwekea kanuni moja ya kichwani, ninayoitumia mpaka leo kwa biti za Forstner kwenye mbao ngumu: nachukua 18,000, nagawanya kwa kipenyo cha biti kwa milimita, jibu ndiyo kasi nisiyotaka kuipita. Milimita 35, ile ya bawaba za kikombe za makabati, inatoa 514. Milimita 50 inatoa 360. Milimita 54, tundu la kitasa cha mviringo cha mlango, inatoa 333. Milimita 75 inatoa 240. Ukirudisha hesabu nyuma utaona zote ni mwendo uleule wa ukingo, mita 56 na nusu kwa dakika. Kwa mbao laini naongeza nusu yake au hata mara mbili. Kwa mpingo napunguza. Ni kikomo cha juu, na nikikuta mashine haina namba hiyo kamili nashuka kwenye iliyo chini yake, sipandi.

Kanuni hiyo pia ilinionyesha kwa nini ile mashine ya zamani haikuwahi kunisumbua kwenye makabati. Kwa mizunguko 530 milimita 35 imezidi 514 kidogo tu, iko palepale mpakani. Juu ya hapo haina la kunisaidia.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua, muuzaji alianza na wati za mota, akaja na taa, akaja na kasi ya juu ya 3,100. Nilimwomba anifungulie kifuniko. Nikasoma kibandiko kutoka chini: 250, 340, 390, 510, 600, 650, halafu 990 kwenda juu. Kasi sita chini ya 700. Kwangu kazi ya kuchagua iliishia pale, mengine yote niliyakagua nikiwa nimeshaamua.

Siri ya namba hizo ni puli ya katikati. Mashine ya kasi tano ina puli mbili, ya mota na ya spindeli (mhimili unaozungusha biti), na mkanda mmoja. Upunguzaji unafanyika mara moja. Hii ina puli ya tatu kati yao, na mwendo unapunguzwa mara mbili: kutoka puli ndogo ya mota kwenda kubwa ya katikati, kisha kutoka ngazi ndogo ya katikati kwenda kubwa ya spindeli. Faida yake haiishii kwenye upole. Mkanda unapopunguza mizunguko, unaongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiwango kilekile, ukiacha kinachopotea kwenye msuguano. Mota yangu inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika ikiwa na mzigo. Kwenye ngazi ya chini kabisa nguvu ya kuzungusha inakuwa karibu mara saba ya ile ya mota yenyewe. Drili ya mkononi ukiipunguza kwa kubonyeza kitufe kidogo haikupi kitu hicho. Inapungua mwendo na haizidishi nguvu, ndiyo maana biti ya milimita 50 huisimamisha katikati ya tundu. Zipo mashine za kusimama ambazo kasi hubadilishwa kwa kuzungusha kirungu bila kugusa mikanda. Zile ambazo kirungu kinapanua na kubana puli nazo hulinda nguvu, na kama mfuko unaruhusu ni starehe kubwa.

Sasa kibandiko. Siku ya kwanza nilibandika utepe unaoakisi mwanga kwenye spindeli nikapima kwa kipima mizunguko. Penye 250 nikapata 212. Penye 390 nikapata 332. Penye 600 nikapata 510. Zote zimepungua kwa kiasi kilekile, na sababu yake si ubovu. Mota ya aina hii hufuata mapigo ya umeme: kwenye umeme wa hezi 60 huzunguka kama mara 1,725 kwa dakika, kwenye hezi 50 kama mara 1,440. Kibandiko kimechapwa kwa hezi 60, na umeme wangu ni wa hezi 50. Kwa mtu wa matundu makubwa upungufu huo ni zawadi, maana nimepata 212 mahali nilipolipia 250. Lakini anayechapa kibandiko angepaswa kusema ni cha umeme gani. Niliziandika namba zangu kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye karatasi ngumu, nikaibandika juu ya ile yao.

Bahati nzuri namba hizo zimekaa karibu kabisa na kanuni yangu. Milimita 35 naitumia kwa 510. Milimita 50 na 54 kwa 332. Milimita 75 kwa 212. Ya milimita 25 ndiyo isiyo na mahali pake: hesabu inataka 720, mashine ina 553 halafu inaruka hadi 842. Natumia 553 na sijaona hasara yoyote, isipokuwa mkono unachelewa kidogo.

Nimeijaribu kwenye mbao nne ambazo ndizo riziki yangu. Mkongo, ulionitia hasara mwanzo, kwa 332 na biti ya milimita 50 unatoa maranda ya rangi ya kahawia mpaka mwisho, na ukuta wa tundu unabaki na rangi yake. Msaji haukai kwenye mazungumzo ya ugumu. Tatizo lake ni silika iliyomo ndani yake, ambayo inalamba makali hata ukiwa na kasi sahihi. Kwenye msaji nanoa biti kila baada ya matundu kumi hivi, kwa tupa ndogo kwenye visu vya ndani, siugusi ukingo kwa nje hata kidogo, maana ukipunguza nje umebadilisha kipenyo. Mvule ni mpole mpaka ukutane na jiwe. Nasema jiwe kwa maana yake halisi: ndani ya mvule huwa kuna madonge ya chokaa magumu ambayo hayaonekani kwa nje. Kwa mizunguko 212 nilikutana na donge moja, nikasikia mkwaruzo, nikainua, nikakuta jino moja la ukingo limepinda ncha. Nina hakika kwa kasi ya zamani ningepoteza biti nzima, na pengine kipande cha mbao kingerushwa.

Mpingo nauweka peke yake. Ni mzito kupita maji, mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,200, na kuutoboa kunakaribia kutoboa madini. Nilitengeneza vichwa vya nyundo za mbao, tundu la mpini milimita 32. Hesabu inasema 562. Nilitumia 289, nikashuka milimita tatu, nikainua, nikapuliza, nikashuka tena. Ni kazi ya subira. Mashine haikulegea hata mara moja. Kwa mara ya kwanza nilitoa biti kutoka kwenye mpingo nikaigusa kwa kidole, ikawa ya moto wa kawaida tu, kama kikombe kilichokuwa na kitu cha moto muda mfupi uliopita.

Kuhusu biti zenyewe niseme kidogo, maana kasi haitaokoa biti isiyofaa. Forstner ya asili ina ukingo mzima usio na meno. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1874, mwenyewe akiwa Benjamin Forstner, fundi wa bunduki, enzi ambazo mkono wa binadamu ndio ulikuwa mota. Ukingo ule mzima hukata safi sana, na hautegemei ncha ya katikati kuishika njia, lakini hugusana na mbao mzunguko wote, na mguso wote huo ni msuguano. Kwenye vipenyo vidogo haina neno. Kuanzia milimita 30 hivi nimehamia zile zenye ukingo wa meno kama msumeno, kwa sababu meno yanaacha nafasi ya joto na unga kutoka. Ukingo mzima naubakiza kwa matundu yanayoonekana, ambayo mteja ataweka macho. Biti bapa zile za bei rahisi sizitumii kwenye mbao ngumu juu ya milimita 25. Zinatetemeka na kurarua nyuzi. Msumeno wa kikombe wa milimita 60 au zaidi nautumia kwa 212 tu, na nautoa kila mara kuondoa unga, maana hauna mahali pa kuupeleka. Na ile mikono ya kukata duara, yenye kisu kimoja kinachozunguka mbali na katikati, haipaswi kuzungushwa na mashine yoyote kwa zaidi ya 250. Kisu kimoja upande mmoja, uzito haujasawazishwa, na mkono wako uko karibu. Mashine isiyoshuka hapo isitumike kwa kazi hiyo.

Nirudi kwenye mashine, kwa sababu ina mapungufu na nimeyahesabu.

Kubadilisha kasi ni kazi. Lazima uzime, uchomoe waya, ulegeze mota kwa kirungu cha pembeni, usogeze mikanda miwili mmoja baada ya mwingine, ukaze. Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi, sasa ni tatu. Dakika tatu zinatosha kumshawishi mtu kusema "tundu hili ni moja tu, nitalitoboa kwa kasi hiihii." Nimelikataza hilo katika karakana yangu. Kila asubuhi natenga kazi kwa kipenyo: matundu makubwa yote kwanza, mikanda chini, madogo baadaye, mikanda juu. Na biti yoyote iliyozidi milimita 25 nimeitundika kwenye ubao wenye kasi yake iliyoandikwa chini ya kila ndoana, ili kijana asilazimike kuniuliza wala kukisia. Kuacha mikanda kwenye 2,600 baada ya kutoboa matundu ya milimita 4, halafu mtu akaja akafunga biti ya 75 akawasha, ndilo jambo ninaloliogopa kuliko yote kwenye mashine hii. Kabla ya kuwasha tunazungusha spindeli kwa mkono na kutazama mikanda, kila mtu, kila mara.

Mikanda iliyokuja nayo ilikuwa imekaa imekunjwa ndani ya boksi ikashika umbo hilo, na wiki mbili za kwanza mashine ilitikisika. Nilibadilisha yote miwili kwa mikanda ya kawaida ya mashine, mtikisiko ukaisha.

Kibanio cha biti kilidondoka. Ilikuwa wiki ya kwanza, nikiinua biti ya milimita 54 kutoka kwenye mlango, kikachomoka kwenye spindeli kikabaki kimesimama tunduni na biti yake. Mkia wa kibanio ni wa pia, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unashikwa na msuguano peke yake, na kiwandani walikuwa wameupaka mafuta ya kuzuia kutu. Nilifuta mkia na tundu la spindeli kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe, nikarudisha taya ndani kabisa, nikapandisha kibanio kwa pigo moja la nyundo ya mbao. Hakijatoka tena. Lakini jambo hili linapaswa kuandikwa kwenye kijitabu kwa herufi kubwa, na kwenye changu halimo kabisa. Kwa biti kubwa, kaza pia kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu ya kibanio, si moja. Nguvu ya kasi ya chini huifanya shingo ya biti iteleze, na shingo iliyoteleza mara moja hupata mikwaruzo inayofanya iteleze tena.

Meza inanyumbuka. Ukisukuma biti ya milimita 50 kwa nguvu inayotakiwa, ukingo wa mbele wa meza unashuka, na nikiweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, naona mwanga mwembamba chini yake. Kwa tundu la bawaba haidhuru. Kwa mguu wa benchi, ulimi utaingia umeinama. Nilikata mti wa mita moja hivi, nikauweka kati ya meza na mguu wa mashine kama nguzo ya pili, na sasa tundu linasimama wima. Mashine yenye uzito huu isingehitaji msaada wa namna hiyo, na hapo ndipo nilipoipunguzia alama.

Kipimo cha kina ni kizuri, nati mbili zinazokazana zenyewe kwa zenyewe, hakihami. Spindeli inashuka milimita 80. Taa ni dhaifu. Springi ya kurudisha mpini ilikuwa kali mno nikailegeza robo mzunguko.

Sasa usalama, kwa sababu kasi ya chini huwadanganya watu. Mtu akiona biti inazunguka polepole hushika mbao kwa mkono. Nguvu ya kuzungusha kwenye 212, kwa mota hii, inafika kama nyutonimita 25. Ukiwa umeshika mbao sentimita 25 kutoka katikati na biti ikanasa, unasukumwa kwa nguvu kama ya kilo kumi, ghafla, na mota ya aina hii ikielemewa hutoa zaidi ya hapo kabla ya kusimama. Kwa kasi ya juu biti ingeunguza. Kwa kasi ya chini inang'ang'ania. Kwa hiyo kila kipande kinafungwa kwa klampu mbili, na upande mrefu wa mbao unakaa kushoto kwako, ukiegemea nguzo. Biti inazunguka kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, hivyo mbao ikinaswa upande wa kushoto utakimbilia nyuma na nguzo itauzuia. Ukiuweka kulia, utakuja tumboni mwako. Glavu hapana, hata kama mbao ina miiba. Na chini ya kazi pawe na kipande cha mbao chakavu, maana bila hicho biti kubwa ikitokea upande wa pili hurarua nyuzi zote, hata kasi iwe sahihi namna gani.

Nani asinunue? Mwenye nafasi ndogo na kazi za makabati pekee. Milimita 35 ndiyo biti yake kubwa, na mashine ya mezani inayoshuka hadi 500 itamtimizia. Pia mwenye kubadilisha kipenyo mara ishirini kwa siku, mikanda itamchosha. Atafute ile ya kirungu. Kwa wengine wetu wa milango, miguu ya meza na mbao nzito, ningeinunua tena, na ningeleta mti wa kuegemeza meza siku hiyohiyo.

Miezi miwili baada ya kuifunga, benchi moja kati ya yale manne lilirudi. Mguu ulikuwa umelegea, na nilipouvuta ulitoka mzima na gundi yake, imeng'oka safi kutoka kwenye ukuta mweusi wa tundu. Nililiziba tundu kwa kipande cha mviringo cha mkongo, nikaacha gundi ikauke siku mbili, nikafunga kikalio kwa klampu, mikanda kwenye 332, biti mpya ya meno ya milimita 50. Kijana ndiye aliyeshika mpini. Alishuka kwa uzito wa mkono mmoja, bila kusita, maranda yakajaa juu ya meza, na alipoinua biti tuliinama wote wawili kutazama ndani. Ukuta ulikuwa wa rangi ya mkongo mpaka chini. Mwenye benchi alipokuja kulichukua nilimwomba aniletee na yale mengine matatu.